Tunahitaji Nyumba Kuliko Kituo: Hotuba kwa Walezi wa Mbwa, Dodoma

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wa watu wanaojitolea kulea mbwa waliotelekezwa hapa Dodoma. Wengi ambao hawakufika wameomba kujua kilichosemwa, kwa hiyo nimeiandika yote kama nilivyoitoa.

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, daktari wetu wa mifugo, kina mama, na nyie vijana wa chuo mliojaa huku nyuma, asanteni kwa kuitikia wito.

Simu yangu haipumziki, na swali ni lile lile. "Mama, kituo chenu kiko wapi? Nina mbwa hapa nataka kumleta." Namwambia hatuna kituo. Anakaa kimya kidogo, halafu ananiuliza: "Sasa mnawaokoaje?"

Leo naomba nilijibu swali hilo mbele yenu. Tunawaokoa kwa nyumba zenu. Kwa ua wako wewe, kwa jiko lako, kwa ile kona ya nyuma ya nyumba ambako umeweka matofali yaliyobaki. Mbwa anakaa kwako wiki tatu, wiki sita, miezi miwili, anapona, anachanjwa, anazoea watu, kisha anaenda kwa mtu atakayekaa naye maisha yake yote. Wewe ni mlezi wa muda. Kazi yetu yote imesimama juu ya watu kama wewe.

Kwanza tukubaliane mbwa hawa wanatoka wapi, kwa sababu watu wengi wakisikia "mbwa wa mtaani" wanadhani ni mbwa waliozuka tu kama magugu. Sivyo. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli kweli, na mwaka 2018 mji wetu ukapewa hadhi ya jiji, mmeona wenyewe kilichotokea. Iyumbu, Ilazo, Nzuguni, Mtumba, kote ni msingi na ukuta. Anayejenga ana saruji na nondo eneo la ujenzi, anatafuta mbwa wa kulinda. Nyumba ikiisha anaingia mpangaji, na mwenye nyumba hataki mbwa. Au mtumishi kapata uhamisho. Lori la mizigo limekuja, vitu vyote vimepanda, makochi, ndoo, hadi maua ya kwenye kopo. Mbwa amebaki getini.

Nitawaambia habari za Jimi. Familia moja ilihama Area C, na jirani akatupigia simu. Jimi alikuwa dume la rangi ya kahawia, ncha ya sikio moja imekatika. Mchana alilala kwenye kizingiti, pua ameielekeza kwenye ule uwazi wa chini ya geti. Usiku aliamka kubwekea wapita njia, analinda nyumba ambayo haina mtu. Jirani akimwekea ugali, alikuja, akamega mdomo mmoja, akarudi nao getini kulia hapo hapo. Kila gari likipunguza mwendo alisimama. Mkia ulianza kutikisika kabla gari halijafika, na gari likipita mkia uliteremka taratibu.

Nawauliza, huyo ni mbwa koko? Huyo ni mbwa aliyefundishwa kazi akaachwa kazini! Hakuzurura, hakuiba, hakumng'ata mtu. Alichokosa ni mtu wa kumlaza mahali pengine usiku mmoja, na wa pili, na wa tatu, hadi moyo wake utulie. Mwalimu mmoja kijana wa Ilazo, amepanga vyumba viwili na ua mdogo, alimchukua. Siku za mwanzo Jimi hakula mbele ya mtu. Wanaofanya kazi hii wana kipimo chao, kwamba mbwa anahitaji kama siku tatu hofu ipungue, kama wiki tatu azoee ratiba ya nyumba, na kama miezi mitatu ajione yuko kwao. Mwalimu alimlea akapita hatua mbili za kwanza. Leo Jimi yuko Veyula kwa mfugaji wa mbuzi, na hiyo hatua ya tatu ameimalizia huko.

Na hapo kwenye mbuzi nataka nigusie jambo. Sisi wa Ugogo hatujaanza jana kuishi na mbwa. Mzee aliyechunga ng'ombe na mbuzi alitoka na mbwa asubuhi akarudi naye jioni, na usiku fisi alipokaribia zizi ni nani aliyetangulia kujua? Mbwa alikuwa na cheo katika kaya. Kilichobadilika ni makazi. Tumeingia kwenye nyumba za kupanga na kuta ndefu, mbwa akabaki katikati, si wa zizi tena na si wa nyumba. Kwa hiyo akija mtu kukwambia kumjali mbwa ni mambo ya Wazungu, mpeleke akaongee na babu yake.

Nirudi kwenye kituo. Kituo ni kitu kizuri, na mwenye eneo na fedha simvunji moyo. Lakini kituo kinataka uzio, mishahara, dawa, na maji kila siku, na suala la maji Dodoma halihitaji maelezo yangu. Na kuna adui mmoja anayependa sana mahali penye mbwa wengi. Anaitwa parvo. Wangapi hapa wamewahi kumwona mtoto wa mbwa mwenye parvo? Naona mikono. Basi mnajua: asubuhi anacheza, jioni anatapika, kesho yake anaharisha damu yenye harufu ambayo ukishaisikia huisahau. Kirusi hicho kinaweza kukaa kwenye udongo hadi mwaka mzima. Sabuni ya kawaida haikiui. Kinachokiua ni jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo thelathini, kwenye sakafu ambayo umeshaisafisha kwanza.

Kuna baba mmoja mwenye huruma nyingi sana, kila mtoto wa mbwa aliyemwokota alimweka kwenye banda lake kubwa la kuku lililokuwa halitumiki. Wa sokoni humo, wa barabarani humo, wa kwenye jengo lisiloisha humo. Mmoja aliingia na parvo. Kabla wiki mbili hazijapita banda lilikuwa karibu tupu. Hakuna aliyewanyima chakula wala maji. Waliponzwa na kuwekwa pamoja. Wale wale wangegawanywa nyumba tano tofauti, ugonjwa ungeishia nyumba moja. Ndiyo maana nasema nyumba. Nyumba nyingi zenye mbwa mmoja mmoja!

Sasa linganisheni na hili. Juni, baridi ya kwetu mnaijua, kijana wa bodaboda alikuta kiroba kando ya korongo kule Nkuhungu, kinatikisika. Ndani watoto saba wa mbwa, hata macho hawajafumbua, maana yake hawajatimiza wiki mbili. Mama yao hakuonekana. Tulimpigia mzee mmoja wa Kisasa, fundi seremala aliyestaafu. Mke wake alisema wazi, "Mbwa ndani ya nyumba yangu, hapana." Mzee akamwomba usiku mmoja tu.

Usiku ule yule mama ndiye aliyekesha. Alijaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, akazifunga kanga, akazipanga ndani ya boksi ili wale watoto wazilalie. Daktari alimweleza kwamba maziwa ya ng'ombe matupu yatawaharisha, akamwelekeza maziwa ya kopo ya watoto wa mbwa, kuwanywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Mtoto alazwe kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake, asilazwe chali, maziwa yasije yakaingia kwenye mapafu. Na kila baada ya kunywa, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, unamfuta taratibu chini ya tumbo, kwa sababu mtoto wa umri ule hajui kukojoa bila mama yake kumlamba. Yule mama alifanya yote. Alikuwa na mizani ndogo ya kupimia sukari ya kuuza, akawa anawapima kila asubuhi na kuandika kwenye daftari la duka, chini ya madeni ya wateja. Sukari fulani, mia tano. Mtoto mweupe, gramu kadhaa. Wawili walikufa wiki ya kwanza, na nasema hilo kwa sababu mlezi lazima ajue kwamba wengine watakufa mikononi mwake hata akifanya kila kitu sawasawa. Watano waliishi.

Na ona walichopata zaidi ya maziwa. Mtoto wa mbwa kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na nne ndipo anapojifunza dunia. Anachokizoea kipindi hicho hatakiogopa ukubwani. Wale watano walikulia kwenye nyumba yenye wajukuu, honi za bodaboda, adhana, redio, fagio la chelewa linalopita mgongoni mwao. Hakuna banda linaloweza kufundisha hayo. Wote watano walipata watu.

Ndugu zangu Waislamu, naomba niseme nanyi kwa heshima. Mara nyingi wenzetu wanaona aibu kukataa na wanaona aibu kukubali, na mimi sitaki mtu avunje utaratibu wa dini yake kwa ajili yetu. Tunajua habari ya mate ya mbwa na kuosha chombo mara saba, moja kwa udongo. Tunajua pia ile hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ya mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akateremka tena kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Yupo bibi mmoja Chang'ombe, hajawahi kumgusa mbwa wetu hata mmoja. Lakini nyuma ya nyumba yake pana mwarobaini na uzio wa mabati. Mbwa analala pale, chombo chake ni chake, kinaoshwa kwenye bomba la nje, na mjukuu wa jirani ndiye anayemlisha na kumtembeza. Bibi yeye anahakikisha maji hayaishi. Huyo naye ni mlezi. Msimwondoe kwenye hesabu.

Sasa kuna jambo ambalo silisemi kwa kupunguza sauti. Kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kila mwaka duniani, wengi Asia na Afrika, takriban 99 kwa kila 100 wakiwa wameambukizwa na mbwa, na karibu nne kati ya kumi ni watoto chini ya miaka 15. Kwa hiyo mtu akiniambia anaogopa mbwa wa mtaani, simcheki. Ana haki ya kuogopa.

Lakini dawa ya hofu hiyo ni ipi? Kuna wanaosema pigeni risasi, tegeni sumu. Imefanyika sehemu nyingi duniani na ugonjwa haukuisha, kwa sababu unaua na waliochanjwa, na nafasi yao inajazwa na wengine wasiochanjwa. Kinachokata mnyororo ni chanjo. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na ukarudia kila mwaka maana kila mwaka wanazaliwa wapya, ugonjwa unakosa pa kupita. Kila mbwa anayepita mikononi mwa mlezi wetu anachanjwa, kuanzia miezi mitatu. Yule mbwa wa nyumbani kwako ni ngao ya mtoto wa jirani. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mnapoona chanjo zinatolewa, nendeni na mbwa wenu na wa jirani asiye na muda.

Na hili kila mlezi alishike. Ukiumwa na mbwa, hata ni mchubuko, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15. Dakika 15 kamili kwa saa! Usipake mafuta ya taa, usipake pilipili, usipake majivu. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uanze chanjo. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa salama, anaangaliwa siku 10, lakini wewe husubiri siku hizo ziishe ndipo uanze. Na mbwa uliyemkuta anayumba, anadondosha mate, anauma vijiti na mawe, au mpole kupita kiasi na taya limelegea, usimguse. Huyo si wa kulea. Piga simu kwa afisa mifugo wa kata. Hakuna mlezi wetu anayeruhusiwa kuwa shujaa mbele ya mbwa wa namna hiyo.

Kuna ugonjwa mwingine unaotufanya tupoteze mbwa wazuri bure. Wengi mmemwona jike mwenye uvimbe mwekundu kama koliflawa sehemu za siri, unadondosha damu. Watu wanamfukuza kwa mawe, wanasema kaoza. Ni saratani inayoambukizwa mbwa kwa mbwa wakipandana, na nyie watu wa nyumbani haiwapati. Tena ni moja ya saratani zinazotibika vizuri kuliko zote. Sindano moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita, uvimbe unanywea hadi unapotea. Tatizo ni nini? Mbwa anayezurura huwezi kumkamata kila Jumanne kwa wiki sita. Anahitaji anwani. Hapo daktari hana la kufanya bila wewe. Dawa yenyewe ni kali, kwa hiyo mlezi anasafisha kinyesi na mkojo akiwa amevaa glovu, na mjamzito hapewi kazi hiyo. Baada ya hapo unamwona mbwa aliyekuwa anakimbiwa na watu analala chali anataka kukunwa tumbo.

Chakula nitapita haraka. Ugali wa dona na dagaa waliooshwa chumvi ikatoka, au mapafu, inatosha. Mfupa wa kuku uliopikwa usimpe, unapasuka vipande vyenye ncha. Kitunguu usimpe. Na kwa sababu tuko Dodoma lazima niseme: zabibu usimpe, mbichi wala kavu. Zinaweza kuharibu figo za mbwa hadi akafa. Wenye mashamba ya zabibu, angalieni sana msimu wa mavuno.

Sasa nifike mahali pagumu. Ni pale unapotakiwa kumtoa. Wengi wananiambia, "Mama, mimi siwezi, nitampenda, nitalia." Ndiyo, utampenda. Nataka mtu anayempenda! Mbwa aliyelelewa na mtu asiyempenda anajulikana, anatembea na mkia katikati ya miguu. Lakini ukimshikilia kila unayemlea, wa tatu utakuwa umejaa, na nyumba moja itakuwa imefungwa kwa wanaokuja. Binti mmoja wa chuo kikuu alimlea jike mweusi miezi miwili. Siku ya kumtoa alikaa kwenye ngazi amemkumbatia, machozi yanaingia kwenye manyoya. Baba wa familia iliyokuja kumchukua alikaa kwenye ngazi ile ile, akasubiri bila kuangalia saa. Binti mwenyewe ndiye aliyefungua mlango wa gari. Wiki iliyofuata alinipigia: "Mama, yupo mwingine?"

Na hatutoi mbwa ovyo. Tunamtembelea anayetaka. Tunauliza geti linafungwa? Nani anamlisha mkisafiri? Mwenye nyumba amekubali, kwa maandishi? Mkihamishwa mtafanyaje? Anayetaka mbwa wa kufungwa mnyororo saa ishirini na nne hatumpi, hata akija na gari zuri. Tunaandikishana mbele ya shahidi, na masharti yapo kwamba akishindwa mbwa anarudi kwetu, asimtupe. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama. Tunaitaja kwenye karatasi ili watu wajue jambo hili lina uzito.

Hakuna anayetoka kwetu bila kuhasiwa akiwa amefikia umri. Hapo naomba wanaume wanisikilize, maana upinzani mwingi unatoka kwenu. "Akihasiwa hatalinda." Atalinda. Mbwa halindi kwa korodani, analinda kwa sababu anajua hapa ni kwao. Atakachoacha ni kuruka ukuta kufuata majike na kurudi na majeraha. Na jike anaweza kupata joto akiwa na kama miezi sita, anabeba mimba kama siku 63, anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Pigeni hesabu wenyewe ni viroba vingapi hivyo kando ya korongo. Tukilea bila kuhasi tutalea hadi wajukuu zetu nao walee.

Naishia hapo, nafasi niwaachie wenye maswali kwa daktari. Daftari liko mlangoni. Andika jina, mtaa, kama una uzio, kama una watoto wadogo, kama una mbwa mwingine na amechanjwa lini, na wiki ambazo hutakuwepo. Usiye na nafasi ya kulaza mbwa, andika unachoweza: usafiri kwenda kwa daktari, mapafu kutoka buchani, kumwangalizia mbwa mlezi anayesafiri mwisho wa juma. Na kuna jike pale Ipagala ana ule uvimbe niliousema. Sindano ya kwanza amechomwa Jumanne, na anakolala sasa mwisho ni kesho. Mpole, hapandi ukuta. Mwenye ua uliofungwa na nafasi ya wiki tano, tafadhali usiondoke kabla hatujaongea.